Lenzi Niliyoikwaruza Mimi

Kendi mwanangu,

Saa hii uko sokoni Gakoromone na mama yako mnanunua sufuria, blanketi na zile ndoo ambazo nilimwambia hata huko Kiambere unakoenda kazi zinauzwa, akanijibu kwamba za huko hazijui. Mmeniacha nichunge studio. Manyunyu ya hapa Kanyakine hayajakatika tangu asubuhi, wateja hawaji, na mimi nimetoa fuliskepu kwenye droo. Mambo ya chakula, ya neti, ya kwenda kanisani na ya kutolala na simu mkononi sitayagusa. Mama yako ameyasema wiki nzima, na kesho atayasema tena ukiwa na mguu mmoja ndani ya gari.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tunachofanyia kazi mimi na wewe hapa dukani. Kimeru ndicho nilichotumia kukukosea, na nikikianza najua nitazunguka zunguka mpaka karatasi iishe.

Hapa kaunta nimekupangia vitu vya kukinga lenzi yako. Filta moja, hudi ile kofia ya plastiki ya mbele ya lenzi, vifuniko viwili, kile kipira cha kupuliza vumbi, brashi, vitambaa na mfuko wa zipu. Nilitaka barua iwe ya hivyo tu, baba fundi anamweleza binti fundi. Nimeandika nusu ukurasa nikaurarua, kwa sababu kila kitu nikikigusa kinanipeleka mahali pamoja. Basi wacha nianzie hapo. Ile lenzi yetu ya zamani, ile yenye mkwaruzo, niliikwaruza mimi. Wewe siku zote ulijua si wewe. Ambacho hukujua ni kwamba mimi pia nilijua.

Nimeandika. Haki ya Mungu, safari hii sitairarua.

Yote yalianza na filta. Nilipoinunua lenzi ile nilikuwa nimeitamani miaka mingi, na nikaambiwa lazima iwe na kioo cha mbele cha kuikinga. Nikaenda Meru, nikamkuta mtu amezipanga filta kando ya barabara pamoja na chaja na kava za simu. Nikamuuliza, "Hii ni nzuri?" Akasema, "Mzee, hii ni orijino kabisa." Mtu niliyemuuliza ndiye alikuwa anaiuza, na bado niliridhika nikaenda zangu nikitabasamu.

Nikaifunga kwenye lenzi, nikaikaza kwa nguvu zangu zote kama ninafunga bomba la maji, nikaenda kupiga harusi. Kanisani kulikuwa na mishumaa na balbu nyingi. Picha zilipotoka, kila balbu ilikuwa imezaa doa la kijani upande wa pili wa picha. Doa moja lilikaa sawasawa kwenye paji la uso wa bi harusi. Lingine lilikuwa kwenye pua ya katekista. Mama wa bi harusi akaja hapa dukani na picha mkononi. "Fundi, hii kitu gani iko kwa uso wa mtoto wangu?" Nikamwambia ni stima, siku ile ilikuwa inapanda na kushuka. Akaniangalia. "Na stima ikachagua mtoto wangu peke yake?" Nasikia aliipeleka picha ile kwa watu wa maombi, ikaombewa.

Kumbe ni kile kioo. Filta bandia haina ule mpako mwembamba wa kuzuia mwangaza usirukeruke kati yake na lenzi, kwa hivyo taa yoyote inayoangalia kamera inarudi mara mbili. Siku hizi hata mtoto anaweza kuitafuta habari hiyo kwa simu. Mimi sikutafuta. Sikutaka kujua kitu ambacho kingenionyesha nilidanganywa barabarani. Ile unayopewa leo nimeijaribu wiki mbili, nimeielekeza kwa balbu, kwa jua na kwa taa za pikipiki, haina doa. Namba yake inalingana na ile iliyoandikwa nyuma ya kifuniko cha lenzi, baada ya kile kiduara chenye mstari. Usinunue filta yoyote bila kusoma namba hiyo. Na ukiifunga, funga kwa vidole viwili tu, ikigota basi, wacha. Yangu iliyokazwa ilikataa kutoka siku nzima, mpaka nikaizungushia raba ya kufungia noti ndipo ikaachilia.

Mtu mwenye akili angenunua nyingine nzuri. Mimi nilikasirika nikaitupa kwenye droo, nikaapa kwamba filta ni ujanja wa wenye maduka. Lenzi ikabaki uso wazi. Hudi pia sikuwa nayo, niliona inanifanya nionekane kama mtu wa kujidai.

Baada ya mwezi mmoja nikaitwa kupiga ruracio, sherehe ya kupeleka mahari, huko huko Kiambere unakoenda. Mimi ni mtu wa huku juu, Kendi, nimezoea matope. Matope ukiyaona unayaona. Vumbi la huko Mbeere ni laini, linaingia mpaka ndani ya soksi na hujui limeingia saa ngapi. Akina mama walikuwa wanakuja na vikapu wakiimba, mbuzi mbele, wanakaribia lango, na kila mtu ananiambia, "Fundi, piga! Fundi, wanaingia!" Nikatazama kwenye kamera nikaona ukungu. Nikageuza lenzi nikaona vumbi jekundu limetanda. Nikashika ncha ya koti langu la Jumapili, nikapangusa. Mara moja tu, kwa kuzungusha.

Nikasikia. Ilikuwa sauti ndogo sana ya mchanga kwenye kioo, lakini niliisikia mpaka kwenye mgongo. Nikaendelea kupiga. Nikala nyama, nikacheka na wazee, nikasifiwa kwa kazi. Njia yote ya kurudi sikuitazama ile lenzi. Niliifunika nikaiweka kwenye mfuko, nikajiambia labda si kitu.

Huko ndiko unakoenda kufanya kazi, kwa hivyo hili lishike. Vumbi halipanguswi likiwa kavu. Inamisha lenzi iangalie chini, puliza na kipira, mara nne, mara tano. Usipulize kwa mdomo, mate huingia. Kisha brashi. Kitambaa ni cha mwisho, na si cha koti. Wakikupigia kelele kwamba mbuzi wanaingia, waache waingie. Mbuzi watatoka tena.

Nilirudi Jumamosi. Jumapili wewe uliniomba kamera umpige nyanya yako, shosho, picha na ndama mpya, nikakuruhusu. Ulikuwa kidato cha pili, umekuja nyumbani kwa mapumziko mafupi. Ulimpiga shosho picha tatu na ukairudisha kamera mezani vizuri, kamba imekunjwa. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale nakuona.

Jumatatu anko wako Murithi akaja na mke wake kwa chai. Unamjua Murithi, mkono wake hautulii. Akachukua kamera, akaielekeza dirishani, akasema kwa sauti, "Jameni, hii imekwaruzwa!" Wote wakanigeukia. Mama yako akauliza ni nani. Na mimi, nikiangalia kikombe changu, nikasema kwa Kimeru, "Ni Kendi alikuwa nayo jana."

Hilo tu. Kila neno lilikuwa kweli na yote pamoja yalikuwa uongo. Wewe ulikuwa umesimama mlangoni na chupa ya chai. Ukasema, "Baba, mimi sikuguza mbele." Ukaniangalia. Nikaanza kukoroga chai ambayo hata sukari nilikuwa sijaitia.

Naomba usome hapa polepole, maana sehemu inayofuata ndiyo inayonitia aibu zaidi. Shosho akasema mtoto ni mtoto. Mama yako akataka kukuchapa. Mimi nikasema, "Tuwachane na hayo, imeshatokea." Na wakanisifu! Murithi akakwambia, "Wewe una bahati, una baba mpole." Nikakubali sifa ile, mwanangu. Nikanywa chai.

Kwa nini sikusema? Nimejiuliza sana, hata nikiwa kwenye ibada. Nilikuwa fundi mkubwa wa Kanyakine, nimepiga picha za watu tangu wewe hujazaliwa, halafu nikwaruze lenzi yangu kwa koti, mbele ya Murithi, ambaye hadi leo anasema kazi yangu ni ya kubonyeza tu? Nilifikiri nitakwambia wiki hiyo hiyo. Ukarudi shuleni. Nikafikiri nitakwambia ukifunga shule. Nikaifungia kamera kwenye sanduku, ukawa ukija likizo huiulizi, na mimi nikajifanya naona kutoiuliza kwako ni adabu. Mpaka ukamaliza kidato cha nne hukuishika tena.

Halafu yakaja yale maneno ya mchezo. Kila Krismasi Murithi anasema, "Mpeni Kendi sahani ya plastiki." Hata watoto wadogo wameshajua kucheka hapo. Shosho akiomba kabla ya chakula anaweka ndani, "Na Kendi umpe mikono ya uangalifu." Na wewe unacheka pamoja nao. Hicho kicheko chako kinaniua. Murithi namsikia vizuri tu, lakini wewe ukianza kucheka mimi hutoka nje kuangalia ng'ombe.

Miaka hii mitatu tumefanya kazi pamoja nimekuona unavyoshika kamera. Unapiga picha moja, unafunika lenzi. Unafunua, unapiga, unafunika. Kwenye ubatizo wa mtoto wa Murithi, shosho aliangua kicheko kile chake cha kurusha kichwa nyuma, ambacho hukipati mara mbili kwa mwaka. Wewe ndiye ulikuwa karibu naye. Na ulikuwa unahangaika na kifuniko. Ulipokifungua, shosho alikuwa ameshafunga mdomo. Uliinamisha kichwa. Na mimi jioni ile nikamwambia mteja, "Binti yangu ni mwangalifu sana." Wewe hukuwa mwangalifu, Kendi, ulikuwa unaogopa. Na hofu hiyo niliitia mimi.

Ndiyo maana nimehangaika hivi na hivi vitu vidogo. Sikiliza jinsi ninavyotaka uvitumie. Filta ikishafungwa, ikae. Hudi ivalishe ikiangalia mbele, si kinyume kama wanavyoibeba wengi ili iingie kwenye begi. Ikigeuzwa nyuma haikingi jua wala mkono wa mtoto mwenye mandazi. Ile niliyokununulia ina pembe zilizokatwa, hakikisha imelia tik na pembe ndefu ziko juu na chini, la sivyo picha itakuwa na giza kwenye kona. Ukigonga nguzo au mtu akikupitia kwa nguvu, hudi ndiyo itakayoumia. Usiitegemee filta kwa kugongwa, kioo chake chembamba kikivunjika vipande vyake ndivyo vitakavyokwaruza lenzi. Filta ni ya vumbi, ya mate, ya vidole.

Na kifuniko cha mbele, nimekuchagulia kile cha kubana katikati, ili uweze kukitoa hata hudi ikiwa imevalishwa. Lakini nakuomba kitu kimoja. Ukifika kwenye shughuli kitoe, ukitie mfukoni, na usikirudishe mpaka kazi iishe. Wacha lenzi ikae wazi siku nzima ikiangalia watu. Filta itachafuka, itakwaruzwa hata, na utanunua nyingine, na hakuna mtu atakayekuuliza. Uangalifu ambao haukuachi upige picha si wa kazi yetu. Kifuniko cha nyuma ndicho usikisahau kamwe ukitoa lenzi kwenye kamera, maana vumbi la nyuma huingia ndani na huko kipira hakifiki.

Lenzi unayoenda nayo ni ile nzuri ya hapa dukani, si ile ya mkwaruzo. Nimeifunga tayari. Najua utakataa, useme baba utafanyia nini kazi. Mimi nitabaki na yangu. Nimezoea kupiga nikiwa nimelipa jua mgongo ili mkwaruzo usionekane, na wateja wanadhani ni ufundi.

Sasa kuna jambo lingine la karibuni, na ndilo lililonikalisha chini leo. Wiki mbili zilizopita Mama Wawira, huyo mwenye studio ya Kiambere anayekuchukua kazi, alinipigia simu. Murithi alikutana naye Embu akamsimulia, kwa kicheko, habari ya lenzi. Akaniuliza, "Baba Kendi, huyu msichana ni mwangalifu na vyombo?" Nikamjibu, "Siku hizi ni mwangalifu."

Siku hizi! Nilikata simu ndipo nikajisikia. Miaka yote hiyo, na nimepewa nafasi nyeupe kabisa ya kukusafisha, na nikaongeza uchafu kwa maneno mawili. Ulipokuja kumwambia mama yako kwamba miezi mitatu ya kwanza utabeba mataa na mabegi tu, bila kuguza lenzi, ukasema hivyo ndivyo kila mtu anavyoanza huko. Si kweli. Yule kijana mwingine aliyeajiriwa nawe anaanza na kamera wiki ya kwanza. Wewe umewekwa kando kwa sababu yangu.

Leo saa nne nimempigia Mama Wawira nikamwambia ukweli wote, mpaka koti. Halafu akaniuliza, "Sasa hii miaka yote ulikuwa unangoja nini?" Nikamwomba radhi. Akasema bado atataka kuona mikono yako mwenyewe, lakini habari ya lenzi ameitoa kichwani. Kazi unaanza kama huyo mwenzako.

Kesho saa mbili wanajumuiya watakuja kukuombea kabla hujatoka. Shosho atakuwepo, Murithi na mke wake pia, na unajua Murithi atasema nini akipewa nafasi. Mimi kama baba nitasimama mwisho kusema. Nitaisema hapo. Nilikushtaki mbele ya watu, siwezi kukusafisha jikoni tukiwa wawili. Mama yako nitamwambia leo jioni, na najua jioni hiyo haitakuwa nzuri kwangu.

Lakini sitaki ikushtue mbele ya watu, ndiyo maana nakuandikia kwanza. Kama hutaki isemwe pale, niambie, ni jina lako na una haki. Ila ukikataa kwa sababu unanionea huruma, sitakusikiliza. Na usinisamehe haraka haraka eti kwa sababu gari linaondoka. Nenda nayo Kiambere, ukasirike nayo huko kwa nafasi yako. Usipokee simu zangu kama hutaki. Mimi nitaendelea kupiga, kila Jumapili baada ya misa, na siku utakayopokea nitafurahi, na siku usiyopokea nitajua ni haki yangu. Nakupenda sana, Kendi. Nilipaswa kuwa nimekuambia hata hilo kabla ya leo.

Nilifikiri nimemaliza, lakini ngoja. Nimesimama mbele ya kile kitambaa cheupe cha picha za pasipoti nijaribu kuyasema ya kesho. Mara ya kwanza nimeishia kwenye jina lako tu. Mara ya pili nimeanza na habari za filta nikajiona ninakwepa. Ya tatu imetoka yote, kwa Kimeru, kwa nguvu: "Lenzi niliikwaruza mimi. Kendi hakuiguza. Nilijua, na nikanyamaza."

Nikageuka nikamkuta mama mmoja amesimama mlangoni na mwavuli, amekuja kupigwa picha. Simjui. Akaniuliza, "Kendi ni nani?"

"Ni msichana wangu."

"Na anajua ni wewe?"

"Atajua leo jioni, akishakula na kupumzika."

Akakaa kwenye kiti, akakaza kitambaa chake cha kichwa, akaangalia kamera. "Usingoje ale," akasema. "Mwambie akifika."

Ndiyo maana nimekupa barua hii hapa nje ya nyumba, hata viatu hujavua.

Baba yako